Dari ya kuning'inia kwenye besimenti yetu: uzoefu wangu baada ya majira mawili ya baridi

Mama alipokuja kututembelea hapa Minnesota mara ya kwanza, alishuka ngazi za besimenti (ghorofa ya chini ya ardhi), akatazama juu, akaona mabomba, nyaya, buibui na boriti tupu, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo mnataka kunilaza? Shimoni?" Mwaka uliofuata tulianza ukarabati. Ninayoyaandika hapa ni ya dari tu, maana ndiyo iliyotunyima usingizi kuliko sakafu na kuta zote.

Nyumba yetu ilijengwa mwaka 1964. Chumba tulichotaka kukitengeneza ni futi 13 kwa 21, na kutoka sakafuni hadi chini ya boriti ni futi 7 na inchi 8. Kona moja ilikuwa na vibao vya zamani vya futi moja kwa moja, vimepigwa pini juu. Kama nyumba yako ni ya umri huo, usiving'oe kwa pupa. Inawezekana vina asbesto, ile ile ya mapaa ya shule za zamani kwetu, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Tulipeleka kipande maabara, majibu yakaja safi, ndipo tukashika nyundo.

Uamuzi ulikuwa kati ya jipsamu, inayopigwa moja kwa moja kwenye boriti na kuziba kila kitu, na dari ya kuning'inia, yaani bodi zinazolala kwenye reli zilizoshikwa na waya, unaziinua ukitaka. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye jipsamu. Dari ya kuning'inia nilikuwa naiona benki na kwenye ofisi za serikali, sikuitaka nyumbani kwangu. Fundi aliyekuja kupima alitaka dola 3,400 kwa jipsamu pamoja na rangi. Nikamuuliza, "Na hizi koki je?" Akasema tutaweka vidirisha vya kufungua. Nikahesabu: koki ya bomba la nje, koki ya jikoni, masanduku manne ya maungio ya umeme (sheria za umeme haziruhusu kuyafukia, lazima yafikike), na kiungo kimoja cha bomba la maji machafu ambacho sikiamini. Ingekuwa dari ya vidirisha.

Halafu kuna ile koki ya nje. Wanaoishi kwenye baridi wananielewa. Kila Oktoba lazima uifunge kwa ndani na kulimwaga maji bomba la nje, la sivyo maji yataganda ndani yake na kulipasua. Nikajiona nimesimama kwenye kiti kila mwaka, nimechomeka mkono kwenye tundu dogo hadi begani, napapasa. Jipsamu ikafia hapo.

Hofu iliyobaki ilikuwa urefu. Mume wangu ana futi 6 na inchi 2. Kanuni za nyumba za makazi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka futi 7 kwenye chumba cha kuishi, ila boriti kubwa na mifereji ya hewa inaruhusiwa kushuka hadi futi 6 na inchi 4. Dari ya kuning'inia inakula inchi tatu au nne, kwa sababu bodi inabidi iingie kwa kuinamishwa juu ya reli, na bila nafasi hiyo haiingii wala haitoki. Tulishuka inchi 4, tukabaki na futi 7 na inchi 4. Zipo pia reli za plastiki zinazopigwa skrubu moja kwa moja kwenye boriti na kula inchi moja tu. Ningezichukua kama boriti zangu zingekuwa zimenyooka. Nyumba ya 1964 haina kitu kilichonyooka.

Sasa bodi. Madukani utakutana zaidi na za kampuni za Armstrong na USG, halafu na nyingine za bei ya chini zisizo na jina kubwa. Kwa macho zote ni nyeupe, zote zina vitundu. Nilinunua moja moja za aina tatu, nikazilaza juu ya vipande viwili vya mbao kando ya mashine ya kufulia, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti. Mume wangu alinicheka. Ile ya bei ya chini kabisa ilifika Agosti imebonyea katikati kama godoro la bweni. Besimenti ina unyevunyevu hata ukiwa na mashine ya kukausha hewa, kwa hiyo tafuta bodi ambayo maelezo yake yanasema wazi kwamba haibonyei kwa unyevu. Kwa chumba cha kufulia chenyewe tuliweka za plastiki (PVC), ambazo unazifuta kwa kitambaa.

Sehemu niliyokosea ni sauti. Kwenye sanduku kuna namba mbili, NRC na CAC, na mimi nilisoma moja tu. NRC inakwambia bodi inanyonya mwangwi kiasi gani ndani ya chumba hicho hicho. CAC ndiyo inayohusu sauti kuvuka kupitia dari kwenda chumba kingine. Nilichukua bodi za NRC 0.70 nikadhani nimemaliza vishindo vya watoto juu. Kwa televisheni na mazungumzo ni nzuri ajabu, mwangwi umekwisha. Vishindo vipo palepale. Mtoto akiruka kutoka kwenye kochi, mtikisiko unapita kwenye boriti zenyewe, na bodi nyepesi namna ile haiwezi kuuzuia. Tulijaza pamba ya mawe (nyuzi za kuzuia sauti na joto) katikati ya boriti, sauti za maneno zikapungua, miguu ikapungua kidogo sana. Kilichosaidia zaidi ni zulia nene sebuleni na sponji yake chini. Ningejua, ningeanza huko.

Kufunga tulifanya wenyewe na shemeji yangu, wikiendi tatu. Unaanza na reli ya pembe inayopigwa ukutani pande zote, usawa ukiupata kwa pimamaji ya leza (usipime kutoka sakafuni, zege la besimenti limeelekea kwenye tundu la maji). Kisha reli kuu zinakatiza boriti, kila futi 4, zimeshikwa na waya. Kisha reli fupi zinazounganisha reli kuu. Kabla ya kuanza, chora. Futi 13 ukipanga bodi za futi 2 zilizo nzima, zinaingia sita na inabaki futi moja, yaani kipande cha inchi 6 kila upande, kama vile umeishiwa. Tulipunguza hadi tano nzima, pembeni zikawa inchi 18 kila upande. Urefu wa 21 tukaufanya hivyo hivyo. Nadhani nusu ya ule ubaya wa dari za ofisini ni vipande vyembamba vya pembeni.

Nusu nyingine ni bodi kulala sawasawa na reli. Nilichagua zile zenye ukingo uliokatwa ngazi, zinazoning'inia kidogo chini ya reli. Zinapendeza, zinatoa kivuli, lakini kila ya pembeni ukishaikata inabidi uichonge tena ngazi yake kwa kisu. Tuliharibu tisa. Shemeji alisema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Jambo moja la taa: paneli za LED za futi 2 kwa 2 zinakaa kwenye nafasi ya bodi, lakini zifungwe waya zake zenyewe hadi kwenye boriti. Fundi mmoja aliyekuja kutoa bei alitaka kufunga waya za reli kwenye mfereji wa hewa. Tulimshukuru, tukamfungulia mlango.

Jumla tulitumia karibu dola 1,100 kwa reli, bodi, waya na paneli sita, bila kumhesabu fundi umeme na pamba ya mawe. Nafasi zilikuwa 77, taa zikachukua sita, zikabaki 71. Ongeza tisa zilizoharibika, ni 80, yaani masanduku matano kamili ya bodi 16. Mimi nilinunua sita. Mume wangu alitaka tulirudishe la sita, nikalificha chini ya ngazi.

Oktoba iliyopita, mara ya pili ya kufunga ile koki, ukingo wa bodi iliyo chini yake ulimomonyoka vidoleni. Hizi bodi hazipendi kushikwashikwa, na unga wake unaingia machoni. Nikafungua sanduku langu. Bodi mpya ni nyeupe kuliko wenzake, ukiingia tu unaiona. Mama, ambaye sasa analala huko bila kulalamika, ananiambia niiache vivyo hivyo, ili mwaka huu nijue koki iko wapi bila kuinua bodi tatu kwanza.