Taarifa za Shule kwa Simu: Maoni ya Mzazi

Tangu Januari, shule ya msingi anakosoma binti yangu hapa Dar es Salaam imekuwa ikitutumia wazazi na walezi taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu, badala ya zile barua zilizokuwa zikifika nyumbani zimekunjamana chini ya begi, pengine zimelowa uji. Huduma hii inafaa, hasa kwa kuwa ujumbe hufika hata kwenye kitochi cha bibi yake. Kasoro yake ni muda: tangazo la kikao cha wazazi cha Jumamosi saa tatu asubuhi lilinifikia Ijumaa usiku, nikiwa nimekwisha kupangiwa zamu kazini. Ratiba ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, hata hivyo, ililetwa mapema na kwa ukamilifu, hadi idadi ya penseli.