Kozi ya roboti kwa mradi: nendeni na multimita zenu

Ukichaguliwa kusoma uhandisi wa roboti kwa mtindo wa mradi kwenye chuo nilichosoma mimi hapa Dar, multimita, kile kifaa cha kupimia volti, ndiyo kitu cha kwanza kununua. Laptopu baadaye.

Kozi ni ya mwaka wa tatu. Mnagawanywa wanne wanne, mnapewa boksi, na mwisho wa muhula kigari kijiendeshe bila kugonga ukuta. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni betri.

Ndani ya boksi kuna Arduino Uno (kikompyuta kinachoendesha programu ya kigari), ubao wa L298N wa kuendeshea mota, mota mbili zile za njano, sensa ya HC-SR04 inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti, na betri ya mstatili ya volti 9. Betri hiyo mahali pake ni ndani ya multimita, si kusukuma magurudumu! Ipime bila mzigo, yaani haiendeshi kitu, inasoma 9 na ushee, kila mtu anaridhika. Sasa washa mota mbili kwa mpigo. Mota inayoanza kuzunguka huvuta umeme karibu sawa na iliyokwama, na betri ile ina ukinzani mkubwa kwa ndani, yaani yenyewe inazuia umeme mwingi kutoka, kwa hiyo volti inaporomoka hadi 5 au chini ya hapo. Rigyuleta iliyo juu ya ubao wa Uno, ile inayoshusha volti, inataka kama 7 ndipo itoe 5 kamili. Haipati, Uno inazimika na kuanza upya.

Dalili iko wazi kwa anayeijua: taa ndogo ya Uno yenye herufi L, ya pini 13, inapepesa harakaharaka kila kigari kinapotaka kuondoka. Kinasogea sentimita mbili, kinashtuka, kinasimama, kinasogea tena, utadhani kina kwikwi.

Fundi sanifu wa maabara hakuinama hata kukitazama. "Nyie mnakopi programu mtandaoni halafu mnasingizia vifaa." Tukaomba multimita. Iko kabatini, ufunguo anao mtu aliyesafiri. Wiki tatu, au nne, tunakagua programu isiyo na kosa. Ukimfuata mhadhiri anakwambia huu ni mradi, gundueni wenyewe. Tugundue kwa macho?

Wanaokuja, fanyeni hivi. Nunueni seli mbili za 18650, betri za lithiamu za kuchaji, Kariakoo zipo, ila kwepeni zinazoandikwa ujazo wa mAh 9900. Seli ya kweli ya saizi hiyo haifiki hata nusu yake. Ziungeni kwa mfuatano, mpate 7.4, zikijaa 8.4. L298N itakula kama volti 2, zinazobaki zinazitosha mota. Uno ipeni umeme wake kutoka pawabenki, halafu unganisheni hasi zote pamoja. Mkisahau hasi, mota zitafanya vituko. Pawabenki nyingine hujizima kwa kuona mzigo ni mdogo, maana Uno peke yake hula kama miliampia 50, kwa hiyo ijaribuni kwanza dakika kadhaa. Lehemuni kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya kila mota kupunguza kelele za umeme. Msianze kwa kasi yote: pandisheni PWM, yaani kiwango cha umeme unaokwenda kwenye mota, kidogokidogo kwa theluthi ya sekunde hivi. Na sensa isomeni kila milisekunde 60, si chini, la sivyo mwangwi wa zamani unaingia kwenye kipimo kipya na kigari kinakwepa ukuta ambao haupo.

Hayo yote yangeingia kwenye kipindi kimoja cha wiki ya kwanza. Saa mbili tu.

Nilitaka kuipa kozi hii nyota moja. Lakini tulipobadilisha betri, kigari kikazunguka chumba kizima bila kugusa kitu, na hakuna mhadhara wowote wa saketi ulionielewesha ukinzani wa ndani kama ile taa ya L. Basi tatu. Hata nne, kama maabara ingekuwa inafunguliwa.

Halafu siku ya kurudisha boksi fundi yuleyule akahesabu kifaa kimoja kimoja, akakuta betri ya volti 9 haipo. Tuilipe, la sivyo matokeo yanazuiwa. Tumelipa. Nyota moja.