Seti ya rangi na karatasi kwa watoto wadogo: rangi nazisifu, daftari lake hapana

Seti hii nimeitumia na wanangu wawili, mmoja ana miaka mitatu na dada yake anakaribia sita. Ndani ya boksi mna chupa sita za rangi nzito ya maji (nyekundu, njano, bluu, kijani, nyeupe na nyeusi), brashi tatu, vipande vya sponji, daftari la kuchorea na kijitabu cha kazi za mikono.

Nianze na lililonikera, yaani daftari. Karatasi zake ni nyembamba kama zile za kuchapia barua, za gramu 80 kwa mita ya mraba, na mtoto wa miaka mitatu hapaki rangi, anaimwaga. Karatasi ikinywa maji nyuzi zake huvimba, pembe zinajikunja, halafu brashi ikipita mara mbili tatu mahali palepale panatoboka. Mdogo alilia kwa sababu jua lake lilibaki na tundu katikati. Nikaweka daftari pembeni, nikanunua manila na kuikata vipande vya ukubwa wa A4, na hapo ndipo seti ikaanza kufurahisha. Kwa rangi ya aina hii usishuke chini ya gramu 160. Kazi za maji mengi zinataka karatasi nene zaidi, ile ya gramu 300 ikipatikana. Ukilazimika kuchagua kati ya boksi lenye rangi kumi na mbili na lenye rangi chache, chukua la rangi chache, pesa inayobaki itie kwenye karatasi.

Rangi zenyewe ni nzuri. Zinafunika vizuri hata juu ya karatasi ya rangi, na hazitiririki kutoka kwenye brashi. Njano na bluu zinatoa kijani safi, ila bluu tone moja tu, maana inaimeza njano upesi. Zambarau ndiyo iliyonishinda: nyekundu ya seti hii imeelemea machungwa, kwa hiyo ukiichanganya na bluu unapata kitu cha kufifia kinachokaribia kahawia. Wala usiwafungulie watoto chupa zote sita kwa pamoja. Baada ya muda mfupi kila kitu kitakuwa rangi ya matope. Mimi natoa rangi mbili na nyeupe, basi.

Kijitabu kina kazi nyingi ambazo kwa kweli ni za mzazi. Kuna bundi wa kukata miduara midogo na kubandika manyoya moja moja. Mtoto anabaki kutazama. Lakini kipepeo wa kukunja amelipia kijitabu kizima. Kunja manila kwanza, ifungue, dondosha rangi upande mmoja tu, kidogo kuliko unavyodhani inatosha, kisha kunja tena na usugue kwa kiganja kuanzia kwenye mkunjo kwenda nje. Ifunguliwe ingali mbichi, la sivyo pande mbili zinagandana. Mdogo huwa anashika pumzi kabla ya kufungua, kisha anapiga kelele, "Mama, ana mabawa!" hata pale ambapo mimi naona doa tu.

Kazi ya kreyoni nyeupe nusura niiache. Unachora kwa kreyoni juu ya karatasi nyeupe, unapaka rangi juu yake, na mchoro unajitokeza kwa kuwa nta haishiki maji. Kijitabu hakisemi kwamba rangi lazima izimuliwe sana. Ikipakwa nzito kama ilivyo chupani, inafunika na nta yenyewe. Mkubwa sasa anamwandikia mdogo wake barua za siri kwa njia hii, ingawa msomaji hajui kusoma.

Kupuliza rangi kwa mrija kunataka tahadhari moja: wadogo huvuta badala ya kupuliza. Toboa tundu dogo kwenye mrija karibu na juu, hata akivuta rangi haifiki mdomoni.

Tukiwa hapo hapo kwenye mdomo: boksi limeandikwa kwamba rangi haina sumu, lakini maana yake si kwamba ni ya kulamba. Rangi za kupaka kwa vidole zinazofuata kanuni ya Ulaya EN 71-7 hutiwa kitu kichungu ili mtoto azitemee mbali. Hizi ni za brashi, uchungu huo hazina, na wangu alishalamba kidole bila hata kukunja uso. Vifuniko navyo ni vidogo, naviweka mbali naye.

Kuhusu kutoka kwenye nguo, ahadi yao ni kweli nusu. Mezani inafutika kwa kitambaa kibichi. Kwenye fulana ya pamba, nyekundu na bluu zikikaukia zinaacha kivuli, kwa hiyo suuza kwa maji baridi mara moja. Palipopakwa nene panapasuka na kubanduka pakikauka. Tone la gundi nyeupe ndani ya rangi linasaidia, ila ukishaitia gundi, usitegemee tena itoke kwenye nguo.

Brashi mbili zinanyonyoka. Sponji ni bora kuliko zote, kibanio cha nguo kikiwa mpini wake. Rangi iliyobaki kwenye kisahani usiirudishe chupani, maji machafu ya brashi huleta ukungu na harufu mbaya.

Naipa nyota tatu kati ya tano, na mbili zilizopotea ni za daftari na brashi. Ukikuta chupa zinauzwa moja moja, ongeza njano na nyeupe, ndizo zinazoisha upesi. Nyeusi yangu bado haijafika nusu.