CoMapeo: apu ya ramani isiyotaka neti, na mafunzo tuliyopewa

Jamii yenu ikiwa na kesi ya ardhi na mmeambiwa mlete ramani, pakueni hii apu, ni ya bure na inaingia kwa simu ya kawaida ya Android. Tumeitumia huku msitu wa Mau, Kenya, sisi vijana wa jamii ya Ogiek, na raha yake ni kwamba haisumbui na mambo ya bando, unaingia msituni unabonyeza, unapiga picha ya mti wenye mzinga, GPS inaweka mahali, jioni simu zote zinaingia waifai moja hata isiyo na intaneti na zinabadilishana data zenyewe. Hakuna email wala akaunti. Data inakaa kwa simu za wale mmewaalika kwa projekti tu, na mimi hapo ndio naipa alama zote, maana kuna sehemu za matambiko wazee hawataki zianikwe kila mahali.

Si kitu cha majaribio tena. Wawaorani, jamii ya asili ya msitu wa Amazon kule Ekuado, walichora mito yao na sehemu zao za kuwinda na Mapeo, yaani ile iliyotangulia hii, na Aprili 2019 mahakama kule Puyo ikawapa ushindi dhidi ya mpango wa serikali wa kuuza vitalu vya mafuta, ardhi ya karibu ekari nusu milioni!! Sisi hukumu tunayo tayari, Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, Arusha, ilisema 26 Mei 2017 kwamba haki zetu zimevunjwa, halafu 23 Juni 2022 ikaagiza serikali ya Kenya ilipe fidia ya shilingi 157,850,000 na ardhi yetu ipimwe tupewe hati ya pamoja. Sasa siku ya kupima ikifika, nani ataonyesha ukoo gani ulikuwa unaweka mizinga bonde gani kama hatujaandika saa hii wazee wakiwa hai?

Mafunzo yenyewe sasa. Shirika lililotufundisha silitaji, walimu walikuwa wapole na wanajua kazi, lakini walianza na projekta na maneno ya kompyuta, wazee wamekaa nyuma kimya. Hapo hapana. Mwaka 2006 pale Nessuit wazee walijenga kwa mikono modeli ya Mau, yaani mfano wa ardhi wenye vilima na mabonde yake, kwa skeli 1:10,000 (sentimita moja ni mita mia), wakabishana mpaka wakakubaliana kila mto unaitwaje. Hiyo ndiyo njia, wazee waseme kwanza nini kiingie na nini kisiingie, simu zifuate.

Mkienda, bebeni pawabenki, na msilale kabla ya kubadilishana data kwa sababu simu ikipotea na data yake inaenda nayo. Pia ombeni shirika liwaunganishe na sevea, yaani mpima ardhi, mapema, ramani ya simu inamwonyesha pa kuanzia lakini mipaka ya hati lazima aipime mwenyewe.