Platfomu ya bei poa ya kuuza mafunzo ya kulipia kila mwezi: ipi uanze nayo, ipi uiache

Watu wengi wakitaka kuuza mafunzo kwa usajili wanaanza na bei ya plani, hii dola ngapi ile dola ngapi, wakishapata ya chini wanalipia. Mi nasema anza na swali hili: kadi za wateja wako zinakaa kwenye akaunti ya nani? Maana usajili ni hela inayojirudia, na siku ukitaka kuhama ukiwa na watu mia mbili wanaolipa kila mwezi, kama malipo yanapita kwenye akaunti yako mwenyewe ya Stripe (huduma ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni) basi rekodi zao zinabaki kwako, lakini kama yanapita kwenye mfumo wa malipo wa platfomu yenyewe inaweza kukubidi umuombe kila mmoja aingize kadi upya, na hapo utapoteza wengi tu, hata wale waliokuwa wanapenda masomo yako.

Halafu kabla hujapandisha hata vidio moja, cheki kama Stripe inafungua akaunti kwenye nchi yako. Haipo kila nchi, na platfomu nyingi za bei ya chini zinaitegemea hiyo na PayPal basi. Ukikosa zote mbili orodha yako inabadilika pale pale, bora ulijue hilo leo.

Sasa makato, hapa ndo hela inapovuja na watu hawaoni. Chukua viwango vya kawaida vya Stripe vya Marekani, asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala. Mteja anayelipa dola 10 kwa mwezi unakatwa senti 59, yaani karibu asilimia 6, na kwa mwaka mzima inafika dola 7.08. Mteja huyo huyo akilipa dola 120 mara moja kwa mwaka unakatwa dola 3.78 tu. Zile senti 30 ndo zinaumiza, zinarudi kila mwezi. Kwa hiyo platfomu yoyote utakayochagua iwe na uwezo wa kuweka bei ya mwezi na ya mwaka pembeni yake, na kama platfomu nayo inakata asilimia zake juu ya hapo, zijumlishe kabla hujasema ni ya bei rahisi.

Kwa mtu anayeanza peke yake namba moja yangu ni Podia. Unaunganisha Stripe yako mwenyewe, unauza kozi na uanachama wa kila mwezi sehemu moja, na haikuchoshi na mipangilio. Plani ya chini inakata asilimia 5 ya mauzo, ya juu haikati, kwa hiyo piga hesabu: tofauti ya bei ya plani hizo mbili ikishakuwa ndogo kuliko ile asilimia 5 yako ya mwezi, panda. Udhaifu wake uko kwenye ufundishaji wenyewe, mitihani yake ni ya kawaida tu na haisomi SCORM (mfumo wa kufungasha masomo ili yafunguke kwenye platfomu tofauti), kwa hiyo kama una masomo yaliyotengenezwa kwa mfumo huo usihangaike nayo.

Namba mbili Thinkific, kampuni ya Vancouver, Kanada, ipo tangu 2012. Kwenye kupanga masomo iko vizuri kuliko Podia, ila soma jedwali la plani mstari kwa mstari, maana kitu unachokitaka kinaweza kuwa kwenye plani ya juu yake na wewe umeshalipia ya chini.

TalentLMS naiweka ya tatu, lakini kama wateja wako ni makampuni yanayolipia wafanyakazi wao, kwako ndo ya kwanza. Inasoma SCORM, unaweza kumpa kila mteja tawi lake (sehemu yake peke yake ndani ya platfomu), na ripoti zake bosi anazielewa bila kuelezwa. Bei inapanda kwa idadi ya watumiaji, na hapo uliza sapoti kwa maandishi: mtu aliyeacha kulipa anaendelea kuhesabiwa? Usajili una watu wanaoingia na kutoka kila mwezi, ukihesabiwa waliotoka unalipia viti vitupu.

MoodleCloud ya nne, yaani Moodle unayolipia ikiwa imeshawekwa mtandaoni tayari. Moodle yenyewe, programu ya kufundishia, ilitoka 2002, ni ya bure na msimbo wake uko wazi, na kwa maswali, kazi za kusahihisha na alama, hizi zote za juu haziifikii. Shida ni kwamba kwenye MoodleCloud plani ina kikomo cha watumiaji, huwezi kuweka plagini (programu za nyongeza) zako, na malipo ya kujirudia hayajakaa vizuri ndani yake. Ukiuza kwa muhula, mtu analipa mara moja anasoma anamaliza, inafaa kabisa. Kwa usajili wa kila mwezi utajitesa.

Teachable nimeishusha kwa sababu plani ya chini inakata asilimia ya mauzo na pia wanakusukuma kwenye mfumo wao wa malipo, rudi kwenye swali la kadi hapo juu. Udemy sio ya kwako kabisa, lile ni soko: mauzo wanayoyaleta wenyewe unapata asilimia 37, na kwenye usajili wao unalipwa kwa dakika zilizotazamwa. Gumroad inakata asilimia 10, sawa kwa kujaribu wazo, sio kwa kukaa.

Kuna watakaokwambia weka WordPress na LearnDash (plagini yake ya kozi) ni bei rahisi. Jumlisha hosti, plagini ya usajili, sehemu ya kuhifadhi vidio (usiziweke kwenye hosti ya bei ya chini, zitakwama), na masaa yako ya kusasisha vitu. Kama unapenda hiyo kazi fanya, ila usiiite rahisi.

Ukishabaki na mbili, tumia siku za majaribio kujifanya mwanafunzi. Tengeneza kozi ya somo moja, weka bei ndogo kabisa, fungua kwa simu ukitumia imeili nyingine, lipa kwa kadi yako. Angalia risiti imekuja na jina la nani. Kisha jitoe, na uhesabu umebonyeza mara ngapi mpaka kujitoa, kwa sababu mteja akikosa pa kujitoa ataenda benki kupinga malipo, na kila pingamizi unakatwa wewe. Mwisho pakua orodha ya wanafunzi na uifungue: kama haina imeili, tarehe ya kujiunga na hali ya malipo, hiyo platfomu iondoe kwenye hesabu.