Anemoni yupi wa kununua kwa tangi la maji chumvi: mtazame shina kabla ya rangi

Anemoni ni mnyama laini wa baharini, mwenye minyiri kama vidole kuzunguka mdomo. Wa kwanza niliyemnunua alikuwa mweupe pe, ncha za minyiri zambarau. Muuzaji aliniambia ni wa nadra, nikalipa. Wiki ya tatu niliamka nikakuta maji yameingia ukungu, yeye ameyeyuka juu ya jiwe kama uji, na samaki klauni wangu wawili wanahema juu kabisa ya maji. Kumbe ule weupe ulikuwa njaa. Anemoni hawa hubeba ndani ya mwili mwani mdogo mno unaowatengenezea chakula kwa mwanga, na mwani huo ndio unaowapa rangi ya kahawia au kijani kibichi. Wakiupoteza, hubaki weupe. Walionunuliwa hivyo na kupona ni wachache.

Tangu siku hiyo sinunui anemoni kabla ya kumtambua kwa shina lake, yaani mwili ulio kati ya kitako na minyiri. Kibandiko cha dukani hakitoshi, maana jina moja hubandikwa aina tatu tofauti. Mtaalamu Daphne Fautin alipowapanga upya mwaka 1981 anemoni wanaoishi na samaki klauni, alipata aina 10 tu. Kwa hiyo si kazi kubwa: inama usawa wa kioo, utazame chini ya minyiri. Shina ni laini au lina vijinundu? Kitako kimeshika jiwe au kimezama mchangani? Mdomo ulio katikati umefumba? Ukiwa wazi na kulegea, ondoka.

Ninaowapendekeza, kwa mpangilio:

1. Entacmaea quadricolor, mwenye vibofu. Huyu ndiye wa kuanza naye, na kwa watu wengi ndiye wa kuishia. Shina lake ni laini kabisa, halina kijinundu hata kimoja, na kitako hukifutika ndani ya ufa wa jiwe. Vibofu kwenye ncha za minyiri ni alama nzuri, ila usivitegemee peke yake: huja na kupotea, na wapo wanaokaa miaka na minyiri mirefu iliyonyooka, ukadhani ni aina nyingine. Shina ndilo halidanganyi. Anapatikana toka Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Japani, na samaki klauni wa kwetu, Amphiprion allardi, huishi naye huko baharini. Sifa yake kubwa ni kwamba hujigawa mwenyewe: hupasuka katikati, kila nusu ikawa anemoni kamili. Ndiyo maana mfugaji wa jirani anaweza kukuuzia aliyezaliwa ndani ya tangi, aliyezoea taa na chakula cha nyumbani. Mnunue huyo, umwache wa baharini abaki baharini.

2. Macrodactyla doreensis, mwenye minyiri mirefu. Minyiri yake ni michache, imeachana, mara nyingine imejisokota. Sehemu ya chini ya shina mara nyingi ni nyekundu au ya machungwa. Anataka mchanga wa kina, karibu sentimita 10, maana kitako chake hukizika. Ukimweka juu ya jiwe tupu atatangatanga mpaka achoke. Ni mvumilivu, ila samaki klauni wengi humpuuza.

3. Heteractis crispa. Ndiye yule mweupe wangu. Shina ni la kijivu, gumu kama ngozi, na vijinundu vinavyonata. Minyiri ni mingi mno na imechongoka. Vitabu vipya humwita Radianthus, usichanganyikiwe. Aliye wa kahawia na aliyeshika vizuri ni ununuzi mzuri kwa tangi lenye mwanga mkali. Mweupe mwache hata akipunguzwa bei nusu. Na usikubali aliyepakwa rangi ya manjano inayong'aa.

4. Stichodactyla haddoni, wa zulia. Minyiri mifupi, mwili umetandazwa juu ya mchanga, ukingo una mikunjo. Anapendeza sana, lakini anakua kupita nusu mita na anakula samaki. Ukiona madoa ya machungwa au zambarau upande wa chini ya ukingo, huyo ni ndugu yake mertensii, mkubwa zaidi.

5. Heteractis magnifica. Shina la rangi moja kali, minyiri butu kama vidole, hupanda mahali pa juu penye mkondo. Siwezi kumpendekeza kwa tangi la nyumbani. Hufa sana, na akihama usiku huunguza matumbawe yote anayopitia.

Kabla ya kulipa, uliza maswali mawili: amekaa dukani siku ngapi, na je, maji hayo yamewahi kutiwa dawa ya shaba? Shaba huwaua. Omba alishwe kipande kidogo cha kamba mbele yako. Mzima hukishika na kukiingiza mdomoni. Anapotolewa, simamia kwa macho yako: kitako kikichanika, umenunua maiti. Mimi humwomba muuzaji anipe pamoja na kijiwe alichokishika, nikilipia jiwe.

Nyumbani, tangi liwe limekwisha kutulia miezi 6 au zaidi, chumvi gramu 35 hivi kwa lita, joto nyuzi 25 au 26, bila kupandashuka. Mlango wa pampu ufunike kwa sponji siku hiyo hiyo kabla hujafungua mfuko, kwa sababu usiku wa kwanza atatembea, na pampu iliyo wazi humkatakata vipande.