Demo ya Kwanza ya Sauti za Wahusika: Tunaichambua Sekunde kwa Sekunde

Haya wadau, karibuni. Leo mezani hakuna maiki wala hedifoni mpya. Bidhaa ya leo ni faili moja la sauti: demo, yaani rekodi fupi ya kuonyesha uwezo, na ni ya kwanza ya dada anayetaka kazi za kuigiza sauti kwenye katuni, magemu na tamthilia zinazotiwa Kiswahili. Ameomba maoni, ametukubalia tuicheze hadharani, jina tunaliacha. Dakika 2 na sekunde 10, wahusika 7. Vaeni hedifoni, maana mengi tutakayoyagusa hayasikiki kwenye spika ya simu.

Sekunde 6 za mwanzo: muziki unapanda, halafu "Habari, naitwa fulani, na hii ni demo yangu." Zikatwe. Anayechagua sauti ana rundo la mafaili na kidole kiko juu ya kitufe. Jina lako alisome kwenye faili. Masikioni aanze na mhusika.

0:07, bibi. Sikilizeni. "Wewe mtoto, teremsha hiyo sufuria kabla sijakuteremsha wewe." Turudishe tena. Mnasikia? Hajatetemesha sauti. Waigizaji wengi wapya wakipewa mzee hutetemesha kila silabi, kama redio inayoishiwa betri. Dada huyu kafanya mambo mawili tu. Kavuta pumzi kabla ya neno "kabla", mahali ambapo kijana asingehitaji hewa. Na lile "wewe" la mwisho kalishusha badala ya kulipandisha. Tunajua anaongea na nani, tunajua mtoto yuko hatua 3 hivi kutoka kwake, na tunajua hampigi mtu. Sekunde 9 zimetosha. Hii ndiyo iwe ya kwanza.

0:17, mtoto. "Mama, kuku ameingia chumbani na hataki kutoka." Hapa sauti imepandishwa, basi. Sentensi nzima imetoka kwa pumzi moja, silabi zimejipanga, mwisho umefungwa kama wa msoma taarifa ya habari. Mtoto wa miaka 5 hana kifua hicho. Yeye hukwama na kuanza upya: "Mama! Mama, kuku... kuku kaingia chumbani, na, na hataki kutoka!" Hewa inaingia katikati ya maneno, na sauti inaishia juu kwa sababu anasubiri mama ainuke. Hata maandishi yenyewe yamemponza: "ameingia" ni ya daftarini, mdomoni mwa mtoto ni "kaingia". Andikeni mistari yenu wenyewe, msinakili ya katuni inayojulikana. Msikilizaji ataulinganisha na ule wa asili, na utashindwa hata kama umeigiza vizuri.

0:31, roboti. "Fuata barabara kuu." Wazo la kusawazisha kiimbo ni zuri, ila mkazo umehama. Barabára, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo njia ya magari. Barábara ni sawasawa. Roboti wake amesema "fuata sawasawa kuu". Mnyang'anye roboti hisia zote, lakini mkazo wa neno muachie.

0:43, mzee wa Mombasa. Anaanza na "ndoo hapa", yaani "njoo hapa", na hicho ni Kimvita safi, lahaja ya Mombasa. Sentensi inayofuata anasema "nchi hii". Mzee yuleyule angesema "nti". Msikilizaji wa Mombasa atacheka, na si kwa sababu ya kichekesho kilichoandikwa. Lahaja ukiigusa, iende mpaka mwisho, na kabla ya kurekodi msomee mtu aliyezaliwa nayo.

0:58, tangazo la sabuni. Limesomwa vizuri sana, lakini si mahali pake. Sauti za matangazo zina demo yake.

1:14, zimwi. "Nani kanywa maji ya kisima changu?" Punguzeni sauti kwanza. Angalieni hapa kwenye skrini: mawimbi yamekatwa vichwa, juu na chini, kama ukuta. Sauti imepasuka, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Sababu ni kwamba maiki ilipimwa kwa sauti ya maongezi, mdomo uko sentimita 15, kisha akanguruma palepale. Dawa: ngurumo ndiyo ipimwe kwanza, kilele chake kisipite desibeli -6 (0 ndiyo dari ya kurekodi), urudi nyuma hadi sentimita 40 au 50 na uso uelekee pembeni kidogo ya maiki. Ila ukirudi nyuma, chumba nacho kinaanza kusikika. Kwa hiyo mablanketi mazito yaning'inie nyuma yako na pande mbili. Yaliyo nyuma ya maiki peke yake hayatoshi, kwa sababu maiki inatazama upande wako.

Kuna jambo jingine hapo. Baada ya neno "changu" kuna kikohozi kilichokatwa nusu. Hiyo ni ishara tosha. Zimwi hili linatoka kooni, na ukilipatia kazi utaombwa ulirudie mara 40. Marekani, mgomo wa waigizaji wa sauti za magemu ulioanza Oktoba 2016 ulikuwa na dai hilihili: vikao vya kupiga kelele visizidi saa 2. Jipime nyumbani: rudia mistari 20 ndani ya dakika 10, kisha zungumza kawaida. Ukikohoa, au sauti yako ikiwa imekwaruza, mhusika huyo asiingie kwenye demo. Na siku ya kurekodi, zimwi liwe la mwisho.

Malkia, 1:36, na yule msichana wa mwisho, tunawapita haraka kwa sababu ni sauti ileile ya mtoto wa mstari wa kuku, ila mmoja kavishwa taji.

Kuhusu usafi wa sauti: kelele za chumba zimefutwa kupita kiasi. Sikilizeni kila "s" ya bibi, ina mlio wa kuongea chini ya maji. Punguza desibeli 6 hadi 8 tu, na lililobaki ulimalize kwa kuzima feni na kukaa mbali na friji. Muziki nao ukae desibeli 15 hadi 20 chini ya sauti.

Sasa, ujumbe wake ulisema hivi: "Naombeni maoni, iko poa?" Swali hilo jibu lake ni "iko poa", na hakuna utakachofanya nalo. Tafuta watu 3 wasiokujua. Wape klipu bila majina ya wahusika, waandike mambo manne: watu ni wangapi, kila mmoja ana umri gani, anaongea na nani, anataka nini. Sisi tumewapa wasikilizaji 3 demo hii. Wawili wakahesabu watu 5, mmoja akahesabu 4. Hayo ndiyo maoni. Mmoja akisema "bibi simpendi", hiyo ni ladha yake. Wawili wakipotea kwenye sekunde ileile, kata hapo bila kubishana nao.

Na kuna mtu amekosekana kabisa: yeye mwenyewe. Katika wahusika 7 hakuna mwanamke wa umri wake anayeongea kwa sauti yake ya kawaida, na dada wa kawaida, jirani, daktari, mke mwenye wivu ndio waliojaa kwenye tamthilia.

Mpangilio mpya, basi. Bibi, sekunde 9. Mwanamke wa umri wake, 12, awe na jambo la kumficha mtu. Zimwi, 8, kama koo limekubali. Mtoto, 10. Roboti, 7. Mzee wa Mombasa, 12. Jumla ni sekunde 58, na hazihitaji kujazwa. Ya kutuma iwe MP3 ya kbps 320. WAV, faili zito lisilobanwa, ya biti 24, kHz 48, ikae kwako mpaka studio iiombe.

Dada, ukimaliza tuma tena. Tutaanzia kwenye kuku.